Kuku Aliyefungua Mwavuli

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro robo, na Chokochoko alikuwa ameitazama mara nyingi mno hata jirani yake wa kulia akashindwa kuvumilia.

"Wewe, unataka kuinunua?"

"Nataka isimame."

Jirani akacheka mpaka kiti chake cha plastiki kikalia. Chochote alichosema Chokochoko watu walicheka. Jina lenyewe alibandikwa akiwa na miaka saba, na sasa ana sabini na minne, hajawahi kuketi penye watu zaidi ya watatu bila kumchokoza mmoja. Lakini asubuhi hiyo hakuwa na mzaha hata wa kuazima. Kila mshale wa dakika ulipopiga hatua alihisi unamkanyaga yeye.

Ukumbi wa zahanati ulijaa. Wazee arobaini na wanane walikuwa wamevaa nguo zao za kutokea, maana leo walikuwa wasomewe matokeo ya utafiti uliowachunguza kwa karibu miaka miwili: kumbukumbu za wazee zinavyokwenda na zinavyorudi. Mbele kulikuwa na meza, na nyuma ya meza watu wawili. Mmoja alikuwa Mtafiti, binti wa miaka thelathini na kitu ambaye soli za viatu vyake zimelika upande mmoja kwa kuzunguka mitaa, anayejua nani anakunywa dawa gani na nani kagombana na mkwewe. Wa pili alikuwa Profesa wake, mwanamume mfupi mwenye shati lililopigwa pasi hadi likawa na makali. Yeye ndiye mwenye kauli ya mwisho.

Mbele ya Profesa kulikuwa na jalada la bluu, na ndani yake karatasi moja yenye mistari kumi na miwili. Hiyo ilikuwa orodha ya watakaopelekwa hospitali kubwa kupimwa kichwa kwa mashine, na damu, na kila kitu, bila kutoa chochote. Mistari minne ilikuwa na majina. Minane ilikuwa mitupu.

"Saa sita kamili naondoka na jalada hili," Profesa alikuwa ametangaza mara tu alipoingia. "Alasiri linakabidhiwa. Jina lisilomo leo lisahauni, zamu za mashine zimeshapangwa mwaka mzima."

Alisema hivyo kwa wepesi, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Chokochoko aliyekuwa amejipa moyo kwamba bado kuna wiki, bado kuna mwezi, akahisi kiti kinazama.

Jina la mdogo wake halikuwamo. Na aliyelizuia lisiwemo ni yeye.

Mdogo mtu aliketi safu mbili mbele, mgongo wima kama kawaida yake. Watu walimwita Sindano kwa sababu alishona nguo za mtaa mzima miaka arobaini, akajua viuno vya watu kuliko waume zao. Gauni la bluu alilovaa alilishona mwenyewe mwezi uliopita. Kutoka nyuma, Chokochoko aliweza kuona kola: imeshonwa nje ndani, na mishono yote imetazama watu.

Mambo yalianza kwa utani tu. Kwenye awamu ya kwanza ya utafiti, Mtafiti aliwaita mmoja mmoja kwenye chumba kidogo, akawasomea maneno kumi, akawaambia wayarudie. Halafu akawapa karatasi wachore saa, wakahesabu kurudi nyuma kwa tatu tatu, na baada ya dakika ishirini akawauliza tena yale maneno. Wengi walikumbuka manne, matano. Chokochoko alikumbuka yote kumi, kwa sababu wakati anasomewa alikuwa anayashona pamoja kichwani kuwa umbeya: kuku kafungua mwavuli, kavuka daraja, kakanyaga sabuni, kapiga tarumbeta, kamwaga chumvi kwenye pazia, kinyozi kashtuka, kapanda ngazi kusoma barua. Umbeya haumtoki mtu kichwani. Yeye hajawahi kusahau hata mmoja.

Awamu ya pili alikuwa wa kwanza kuitwa, akakuta maneno ni yaleyale. Profesa ndiye aliyetaka iwe hivyo. Eti ukibadilisha orodha huwezi kulinganisha mtu wa mwaka huu na wa mwaka jana. Chokochoko akatoka chumbani, akaketi kwenye benchi la nje, na wenzake wakamuuliza huko ndani kukoje. Sasa mtu kama yule ungemtarajia afanye nini? Akawasimulia habari za kuku. Benchi zima likacheka. Dereva mstaafu, ambaye sikio moja limebaki kwenye injini za malori, akataka arudiwe mara tatu. Mwalimu mstaafu aliikunjia uso hadithi, akasema haina mantiki, kisha akaisahihisha: kinyozi lazima ashtuke ndipo chumvi imwagike. Kufikia awamu ya tatu hakuna aliyeingia chumbani bila kuku wake.

Ukiacha wanne waliochelewa siku hiyo wakalikosa benchi, haohao ambao majina yao yamo kwenye jalada, mtaa mzima ulifaulu.

Na hapa ndipo utani ulipogeuka. Kati ya awamu ya pili na ya tatu, Sindano alimshonea mtoto wa jirani sare, akaweka mikono yote miwili upande mmoja. Walicheka wote, yeye mwenyewe akacheka kuliko wote. Wiki iliyofuata akashona nyingine vilevile, na safari hii hakucheka. Kisha akaacha pasi imelala juu ya meza ya kukatia vitambaa mpaka moshi ukatoka dirishani. Kisha akamuuliza Chokochoko, wakiwa wamekaa mezani wanakula, kama mama yao atakuja leo. Mama yao wamemzika miaka thelathini na moja.

Binti yake Sindano, anayeishi mbali, alisema kwenye simu, "Mama mkubwa, ukiona mama anasahau niambie, nije nimchukue akae kwangu." Kwake ni ghorofa ya nne, lifti mbovu, na Sindano alisema afadhali azikwe. Kwa hiyo Chokochoko akafanya alichoona ni upendo. Siku tatu kabla ya awamu ya tatu, asubuhi, mchana na jioni, alimshindilia mdogo wake kuku na mwavuli kama mtu anayejaza godoro pamba. Sindano akaingia chumbani, akatoka na tisa kati ya kumi.

Wiki moja baadaye Mtafiti akapita nyumbani kwao kunywa chai. Ndipo alipoeleza, kwa furaha tu na bila kujua anachoma mtu, kwamba vipimo vile si vya kumtia mtu aibu. Yapo maradhi yanayojifanya ni uzee. Mengine ni upungufu fulani tu wa mwilini, mengine ni uvimbe mdogo, na yakiwahiwa baadhi yake yanatibika, yasipowahiwa, basi. "Ndiyo maana wanaoshuka alama tunawapeleka hospitali kubwa mapema," alisema. "Lakini nyie bibi zangu wawili mnanishangaza, alama zenu hazishuki kabisa!"

Chokochoko alikuwa na kikombe mdomoni. Akakirudisha mezani bila kunywa.

Tangu siku hiyo alikwenda zahanati mara tatu kusema kweli, mara tatu akaishia kuuliza kama kuna dawa ya magoti. Jana mchana akamwambia Sindano anachotaka kufanya. Sindano alikuwa anatia uzi kwenye cherehani, uzi unakataa. Alisema bila kugeuka:

"Ukinisema mbele za watu, mimi sina dada."

Alikuwa hatanii. Katika familia yao, wa kutania alikuwa mmoja tu.

"Tumshukuru Mungu na tujipongeze," Mtafiti alikuwa anasema sasa kule mbele. Ukutani kulikuwa na picha kubwa kutoka kwenye kompyuta yake: mstari mwekundu unaopanda kama ngazi. "Kwingine kote, miaka ikienda kumbukumbu inashuka. Kwenu inapanda. Nilijiuliza kwa nini, nikawachunguza. Nyie mnakaa pamoja kwenye lile benchi kila asubuhi, mnazungumza, mnacheka. Nimependekeza kila zahanati iwekewe benchi."

Makofi. Profesa alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Mwalimu mstaafu akasimama bila kuitwa.

"Kwa niaba ya wenzangu," akaanza, na wenzake wakaguna, maana wanajua zinavyokuwa niaba zake, "napenda kusema kwamba sisi kizazi chetu tulifundishwa kutumia ubongo. Mimi binafsi nilipata kumi juu ya kumi. Bila jasho!"

"Kaa chini, Mwalimu, tumesikia," mtu akasema.

Saa tano na dakika nane. Chokochoko akanyoosha mkono.

"Maswali mwishoni, mama," Profesa akasema.

"Si swali. Tuliiba."

Ukumbi ukaangua kicheko. Jirani wa kulia akampiga paja. "Huyu naye! Nilijua tu hatakaa kimya."

"Mmeiba nini, bibi?" Mtafiti akauliza, naye anacheka.

"Mtihani. Maneno tulikuwa tunapeana benchini. Sote."

Wakacheka zaidi. Mtu mmoja akapiga kelele, "Na mimi niliiba saa ya ukutani!" Profesa mwenyewe akacheka kidogo, kwa adabu, kisha akaangalia jalada lake. Chokochoko akasimama. Alipofungua mdomo kusema tena, aliona wote wamekwisha kukaa tayari wamchekee. Miaka sitini na saba amewafundisha watu hawa kwamba kinywa chake hakitoi kitu cha kweli. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja angekihitaji kwa jambo la kweli.

Safu mbili mbele, Sindano alikuwa amegeuka. Hakuwa anacheka. Alimtazama dada yake na kutikisa kichwa mara moja tu, polepole.

Chokochoko akamtazama naye. Kisha akainua uso, akapaza sauti ileile ya benchini, ile ya kuchombeza:

"Kuku kafungua nini?"

"Mwavuliii!" ukumbi ukajibu.

"Kavuka nini?"

"Darajaaa!"

"Kakanyaga nini?"

"Sabuniii!" Mwalimu ndiye aliyesikika kuliko wote.

"Kapiga nini?"

"Tarumbe..." Neno likakatikia katikati. Mmoja alikuwa ameona uso wa Mtafiti, mwingine akamwona huyo aliyeona, na kimya kikatembea kutoka safu ya mbele kwenda nyuma kama mtu anayefunga madirisha. Kule mwisho kabisa, Dereva, ambaye habari humfikia kwa kuchelewa, akamalizia peke yake kwa nguvu zake zote:

"Kinyozi kashtukaaa!"

Hakuna aliyecheka.

Mtafiti alisimama na kalamu mkononi. Aliangalia mstari mwekundu ukutani, akawaangalia wazee, akauangalia tena mstari. Kisha akaifunga kompyuta taratibu, na picha ikafutika, pakabaki ukuta na alama ya unyevunyevu.

"Awamu zote?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ya pili na ya tatu, mwanangu. Ya kwanza ilikuwa halali."

Profesa akamwinamia Mtafiti, akasema jambo fupi sikioni. Binti akaikaza midomo. Na hapo ukumbi ukalipuka.

"Umetuvua nguo mbele za wageni!"

"Kwani nani alikutuma? Wewe ulikaa na nani ukakubaliana?"

"Mimi sikusikia hadithi yoyote," Mwalimu akanguruma. "Maneno yangu niliyajua kwa akili zangu."

"Mwalimu, si wewe uliyesema kinyozi aje kabla ya chumvi?"

"Hiyo ilikuwa ni sarufi!"

Chokochoko alikuwa anapenya kati ya viti kwenda mbele, akikanyaga mikoba na miguu ya watu, na macho yake yako kwenye saa. Saa tano na dakika kumi na nne. Akafika mezani, akainama karibu na Mtafiti.

"Mwanangu, nitukane baadaye. Siku nzima nitakuja unitukane. Lakini lile jalada..."

"Bibi, unajua umefanya nini? Miaka miwili." Macho yalikuwa yamemjaa maji, na alijizuia kwa hasira yasimwagike. "Nimetembea mitaa hii mvua na jua. Nilikuwa niwasilishe mwezi ujao."

"Najua."

"Hujui!"

"Sawa, sijui. Lakini kuna mtu alipata tisa kwa mkono wangu, na hajui leo ni siku gani."

Mtafiti akavigeukia viti. Alianza kutafuta kwa macho safu hadi safu, akiwahesabu waliopata tisa, na kabla hajamaliza sauti ikatoka kwenye viti, kavu, isiyotetemeka.

"Sema kwa nguvu, dada. Umeshaanza." Sindano alikuwa amesimama. "Waambie wasikie wote. Waambie na za mikono ya sare."

Chokochoko alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakupata neno la kuweka ndani yake.

"Basi," Sindano akasema. "Mimi sina dada." Akachukua mkoba wake, akatoka kwa mlango wa pembeni, kola nje ndani, mgongo wima.

"Profesa," Chokochoko akasema, "mwandike. Kuna mistari minane mitupu, nimeihesabu kutoka kule nilikokaa."

"Siwezi kuandika mtu kwa maneno ya dada yake, mama. Hasa dada mwenyewe akiwa ni wewe." Alisema bila ukali, na hilo lilichoma zaidi. Akaangalia saa ya mkononi. "Tunayo orodha nyingine ya maneno, haijawahi kutumika. Yeyote anayetaka kupimwa upya aje chumba kidogo sasa hivi. Lakini aje mwenyewe, kwa miguu yake. Saa sita naondoka."

Chokochoko alitoka nje mbio, kama mbio zinaitwa hivyo kwa magoti yale.

Barabarani jua lilikuwa kali. Alitazama kushoto, njia ya nyumbani: watu wawili, mkokoteni, hakuna Sindano. Akatazama kulia. Mbali, karibu na duka la vifaa vya umeme, gauni la bluu lilikuwa linakata kona.

Kulia si kwao. Akamfuata.

Alimwita mara mbili, hakugeuka. Alipita duka la umeme, akapita wanaochomelea vyuma, akakata kona ileile, na hapo akasimama. Sindano alikuwa mbele ya geti la kijani, anahangaika na ufunguo. Anausukuma kwenye tundu, anautoa, anaupangusa kwenye gauni, anausukuma tena. Mbwa alikuwa anabweka upande wa pili wa geti.

Katika nyumba ile waliwahi kuwa wapangaji. Walihama miaka kumi na minane iliyopita.

"Wamebadilisha kufuli," Sindano akasema aliposikia hatua, bila kuangalia ni nani. "Watu hawana adabu. Hata kumwambia mtu!"

Mwanamke mmoja akachungulia dirishani, mkono kwenye pazia. Chokochoko akamwonyesha kiganja, kumwomba asubiri. Alikuwa na vichekesho kumi vya kusema. Vilikuja vyenyewe, kwa mazoea, vimepanga foleni kwenye ulimi. Akavimeza vyote.

"Mdogo wangu. Hapa tulihama."

Mkono wenye ufunguo ukasimama. "Lini?"

"Zamani. Binti yako alikuwa bado hajaolewa."

Sindano aliangalia geti. Liliwahi kuwa jeusi. Yeye mwenyewe alilipaka. Aliligusa kwa kidole, pale rangi ya kijani ilipobanduka na weusi ukaonekana chini yake. Akaangalia ufunguo, akaangalia barabara upande huu na upande ule, na uso wake ukafanya kitu ambacho Chokochoko hakuwahi kukiona tangu wakiwa watoto wanalala kitanda kimoja. Uliogopa.

"Kwa hiyo si utani," alisema.

"Si utani."

"Nilidhani wewe unanitania. Vitu vinahama, nasema ni dada huyo ananificha vitu ili acheke." Akaugeuza ufunguo kiganjani. "Nilikuwa naomba iwe ni wewe."

Chokochoko alitaka kumshika mkono, akaogopa Sindano atauvuta. Wakasimama hivyo, mbwa anabweka, mwanamke wa dirishani anaangalia.

"Na hao wa hospitali, watanitibu?"

"Sijui. Wanasema mengine yanatibika. La kwako hawajalijua."

"Hujui."

"Sijui, na sitakudanganya. Nimekudanganya vya kutosha."

Sindano akaingiza ufunguo kwenye mkoba, akafunga zipu, akaifungua kuhakikisha umo, akaifunga.

"Saa ngapi?"

"Sita kasoro dakika ishirini na mbili."

"Sasa mbona umesimama kama mlingoti? Tembea!"

Walitembea. Sindano mbele, kwa hasira, na kila walipofika kwenye njia panda alipunguza mwendo kidogo, kiasi cha mtu wa nyuma kusogea upande unaotakiwa. Kisha Sindano akajifanya ndiye aliyechagua njia. Kwenye kona ya duka la umeme Chokochoko alisikia pumzi yake mwenyewe inapiga filimbi kifuani, akaomba magoti yampe dakika kumi tu, halafu yafanye yanavyotaka.

Nje ya chumba kidogo kulikuwa na foleni. Hakuitegemea. Watu watano walisimama kimya, kila mmoja anatazama ukuta kana kwamba hana jirani, na wa kwanza katika hao alikuwa Mwalimu mstaafu, kofia mkononi.

"Mwalimu?" Chokochoko akasema, bila kutaka.

"Nimekuja kuthibitisha tu," Mwalimu akasema. Kisha akateremsha sauti. "Juzi nilisahau jina la mke wangu. Nilikuwa naye jikoni." Akasogea kando, akampisha Sindano mlangoni. "Pita wewe kwanza, fundi."

Mtafiti alikuwa mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu. Alimshika Sindano kiwiko, akamwingiza, kisha akamgeukia Chokochoko.

"Wewe, bibi, kaa kule kwenye bomba la maji. Kule. Na mgongo utupe."

Akaenda. Akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, mgongo kwa zahanati, kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Hakuweza kuona saa. Alisikia sauti ya Mtafiti ikisoma, neno, kituo, neno, kituo, lakini maneno yenyewe hayakumfikia, na akashukuru, maana alijijua. Kisha kimya. Kisha sauti ya Sindano, neno moja. Kimya kirefu. Neno jingine. Kimya. Chokochoko alikuwa ameshika ukingo wa ndoo kwa mikono miwili, na midomo yake inacheza yenyewe, inataka kumnong'oneza mtu kitu ambacho safari hii hakukijua hata yeye.

Neno la tatu halikuja.

Nje, Profesa alipita uani akiwa na mkoba begani, akisema na simu: ndiyo, natoka sasa, dakika tano. Akasimama nje ya chumba kidogo, akagonga mlango kwa kidole kimoja. Foleni ikamtazama. Akagonga tena.

"Mpe mtu nafasi!" Dereva akamfokea, maana naye alikuwa kwenye foleni, na hakusikia sauti yake ilivyo kubwa. Profesa akarudi hatua moja nyuma. Akaangalia foleni yote, mmoja mmoja, akaangalia saa ya mkononi. Kisha akapiga simu upya. "Nimepata dharura," alisema. "Nitachelewa nusu saa. Mwambie asubiri, mimi ndiye ninayemwomba."

Mlango ukafunguliwa. Mtafiti akatoka na karatasi, akamwonyesha Profesa bila kusema neno. Profesa akasoma, akavua miwani, akaifuta ingawa haikuwa chafu, akafungua jalada la bluu juu ya goti lake na kumkabidhi binti kalamu. Mstari wa tano ukajazwa. Chokochoko aliuona mkono ukiandika, kwa kuwa alikuwa amegeuka zamani. Kuwapa mgongo kulikuwa kumemshinda.

Alisimama kutoka kwenye ndoo. Mtafiti alimwona anakuja, akamsubiri.

"Sijakusamehe, bibi."

"Usinisamehe. Una haki."

"Itabidi nianze upya, na watu wengine, au nyie nyie kwa maneno mapya. Sijui kama chuo kitanipa muda."

"Ukitaka mtu wa kuwakalisha wale mbali mbali wasipeane maneno," Chokochoko akasema, "hakuna anayezijua njia zao kama mimi."

Mtafiti karibu acheke. Hakucheka. Alipindua karatasi, akaingia tena chumbani kumaliza fomu, na safari hii akauacha mlango wazi. Sindano alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, mkoba mapajani, akiuangalia mkono wake mwenyewe kama kifaa cha mtu mwingine.

"Bibi, safari ni Jumatatu, saa moja asubuhi, gari litakuja hapa. Kuna sehemu hapa ya msindikizaji. Mtu utakayekuwa naye hospitalini, atakayejibu maswali ukichoka. Binti yako?"

"Yuko mbali."

"Basi niandike nani? Bila msindikizaji hawakupokei."

Sindano alitazama nje, akawapitia waliokuwa kwenye foleni: Mwalimu na kofia yake, Dereva na sikio lake, na wale wengine. Aliwapitia polepole, mmoja baada ya mwingine, na Chokochoko aliyesimama nyuma yao wote alihisi macho yale yanakuja, yanafika, yanampita, yanakwenda hadi kwenye bomba la maji, yanakaa huko. Kalamu ya Mtafiti ilikuwa inangoja. Foleni nzima ilikuwa inangoja.

"Andika yule," Sindano akasema, na kidevu ndicho kilichoonyesha. "Lakini njia nzima asiongee."

Mtafiti akainua macho. "Nimwandike kama nani wako?"

Sindano akafikiri. Alifikiri kwa muda mrefu hadi Mwalimu akakohoa, na Chokochoko hakujua, wala hakuna aliyejua, kama anatafuta neno au analikataa.

"Dada," akasema mwishowe. "Andika dada."

Chokochoko alifungua mdomo. Kisha akakumbuka sharti, akaufunga.